Katika Haya Yote, Yangu Ipi?

Ipo siku moja hainitoki, mjukuu wangu, siku mgeni alipotiliwa kahawa ikajaa pomoni nyumbani kwetu mtaa wa Sib, akacheka, nami nikachelewa kuelewa. Imenirudia juzi, uliponionyesha somo unalowaandikia watu wanaoanza kujifunza kuandika programu. Kaa nikusimulie. Najua una haraka, nyinyi wa leo hata chai mnainywa mmesimama.

Wakati huo mimi ni msichana niliyeajiriwa karibuni hapa Maskati, naandika programu katika ofisi moja, na najiona hasa. Mdogo wangu Zuhura, huyo bibi yako wa Unguja, alikuwa amekuja kukaa nami. Baba alimruhusu kwa sharti kwamba ajifunze kazi, na akishindwa arudi Unguja. Nami nilimtaka abaki. Tulizaliwa wawili tu, tumekua tukilala chandarua kimoja, na huku ugenini sikuwa na wa kucheka naye.

Basi nikamfundisha mwenyewe, kwa kompyuta ndogo tuliyoiunganisha na televisheni. Mfano wa kwanza ulikuwa kujumlisha mbili na tatu. Lakini mdogo wangu nimpe tano kavu? Nikaipamba. Programu ilipoendeshwa, kioo kikajaa: mistari ya nyota juu na chini, karibu sana Zuhura, tarehe, maelezo ya hesabu, jawabu, ahsante, kwaheri. Na ili yote hayo yatokee, programu yenyewe ilikuwa ndefu, amri za kuchapisha zimefuatana, na ile ya kujumlisha imejificha katikati. Zuhura akatazama, akaniuliza taratibu, "Dada, katika haya yote, yangu ipi?"

Nikacheka, nikamwambia yote yako. Hakuuliza tena. Tangu hapo kila nikiiwasha kompyuta, yeye kichwa kinamuuma, na mwishowe akampigia baba simu kumwambia mafunzo hayawezi.

Nikamwomba Bi Sheikha aje amnasihi abaki. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, mama wa makamo aliyekulia Tabora na aliyetutangulia sana kuhamia Oman. Zuhura akamtilia kahawa, na kwa kutaka kumkirimu akaijaza finjani mpaka ukingoni. Bi Sheikha akaishika kwa ncha za vidole, akacheka.

"Mnanifukuza, wanangu?"

Tukashtuka. Akatueleza kwamba hapa mgeni hutiliwa kidogo tu, akimaliza hunyoosha finjani aongezwe. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Zuhura akaona haya, akakimbilia jikoni. Mimi nikamwonyesha mgeni wangu lile somo, nikitaraji kusifiwa. Akalisoma lote, uso wake ukabadilika.

"Na hii pia umeijaza, ewe binti. Mwenzako hajui kafanya nini yeye, na umefanya nini wewe. Ondoa vyote. Mwachie tano yake aione."

Nilikereka, wallahi. Yale mapambo yalikuwa mapenzi yangu kwake. Hata hivyo alipoondoka nikafuta, nikafuta, mpaka ikabaki amri ya kujumlisha na amri ya kuchapisha. Tano ikatokea peke yake kwenye kioo cheusi. Nikamwita Zuhura aje aone.

"Nshafunga sanduku, dada," akasema.

Akasafiri. Tumeonana mara nyingi tangu hapo, kwenye harusi na misiba, lakini kukaa nyumba moja hatukukaa tena. Nimezaa, nimezeeka hapa mtaani Hail, na mpaka leo nikicheka jikoni hugeuka kumtafuta. Nna hamu naye, mwanangu, na sioni haya kulisema.

Sasa hilo somo lako. Lina rangi, lina mistari, lina vikatuni vinavyocheka na salamu kwa lugha tatu, halafu huko chini kabisa ndilo jawabu. Usinune. Nimelichukua bila ruhusa yako, nikaondoa kila kitu isipokuwa hesabu, ileile ya mbili na tatu, na amri ya kuchapisha jawabu, nikampelekea Zuhura. Kaiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, kwa kidole kimoja. Jana ikaja sauti yake kwenye simu.

"Dada, imetoka tano. Hii yangu." Kisha akasema, "Jee, nikitaka itoke kumi, nfanyeje?"

Kanyoosha finjani, mwanangu. Baada ya miaka yote hiyo. Nililia mpaka mama yako akaja kuniuliza nimefikwa na nini.

Basi nakuusia. Anayeanza mwonyeshe kile alichokifanya yeye, na vingine viweke kando, hata kama ni vizuri na umevihangaikia. Mapambo atayataka mwenyewe wakati wake ukifika, na hapo mfundishe kwa raha zote. Akikuuliza yake ni ipi, usimcheke kama nilivyocheka mimi. Rudi kwenye mfano wako ufute, mpaka asiwe na haja ya kuuliza. Jibu la Zuhura sijampa, nimekuachia wewe. Mwandikie leo, na uwe mfupi.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wa kutia kidogo kidogo na subira ya kungoja uombwe tena, na akuepushe na kumwita umpendaye naye keshafunga sanduku. Amin.