Runinga Isiyotaka Giza

Felista alipoingia mara ya kwanza dukani kwangu Kiomboi, nilimwashia runinga kubwa ya mtumba, mwanga nimeupandisha hadi mwisho. Yeye huonyesha mpira Nduguti, katika banda lililozibwa magunia madirishani, na watazamaji walishaanza kumkimbia kwa sababu ya runinga mbovu.

"Punguza mwanga, kaka."

"Dada, umekuja kununua giza?"

"Giza ninalo bandani. Punguza."

Nikapunguza. Taa za nyuma ya kioo zikaanza kupepesa.

"Hiyo muuzie kinyozi. Kwake jua linaingia, mwanga haushushwi," akasema, akachukua ndogo iliyotulia.

Watazamaji wake walirudi. Ile kubwa kinyozi aliichukua kweli, kwa bei iliyoniuma. Siku hizi sinunui runinga kabla sijaipunguza mwanga.