Mutu wa Tumboni

Niliondoka Bukavu kwa sababu baba yangu alikuwa ameacha kusema. Majirani wa mtaa wetu, Nguba, niliwaambia ninakwenda Ubelgiji kwenye ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu Deo, na hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini ubatizo peke yake haungenivusha vizuizi vyote vya wanajeshi njiani.

Jambo lenyewe ni hili. Wakati wa vita ya Wazungu, baba, muzee wetu, akiwa kijana, jeshi la Wabelgiji lilimpeleka Misri, kwenye uwanja wa bombardier, ndege za kutupa mabomu. Alibeba masanduku ya risasi, na alihesabu: asubuhi anahesabu ndege zikitoka, jioni anazihesabu zikirudi. Kwake ndiko nilikorithi ugonjwa wa kuhesabu kila kitu mara mbili. Siku moja kwenye shirika, yaani sala ya majirani, alisimulia kwamba ndege zile zilikuwa na injini nne, na chini ya tumbo tufe la kioo, na ndani ya tufe mtu amejikunja na bunduki yake. Mwalimu Ciza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akacheka mpaka akavua miwani.

"Papa, miaka hii ndege za vita tumeziona za kutosha. Mutu mu tumbo ya ndege? Atazaliwa lini?"

Tangu siku ile wakamwita Mutu wa Tumboni. Macho yake yalikuwa yameshazimika. Alibaki na masimulizi tu, na sasa hata hayo akayafunga. Miezi miwili, "ndiyo" na "hapana", basi. Ndipo Deo akaniandikia kwamba wiki ya ubatizo kutakuwa na maonyesho ya ndege karibu na mji wao, na bombardier moja ya vita ile bado inaruka.

Siku ya kuondoka nilivuka daraja la Ruzizi, mpakani na Rwanda, kwa miguu. Kikapuni mlikuwa na vitenge vya zawadi, na chini yake radio kaseti na kaseti mbili tupu. Toka mlangoni kwetu mpaka ng'ambo nilihesabu vizuizi vitatu. Nilipohesabu upya nikapata vinne, maana mtu mmoja alikuwa amekaa tu kwenye kiti katikati ya njia, hana kamba wala bunduki, lakini naye alitaka salamu yake.

Kutoka hapo ni gari mpaka Kigali, kupitia msitu wenye baridi ya kung'ata masikio, kisha ndege. Nilimuuliza mhudumu ina injini ngapi. "Mbili, madame." Nikachungulia upande huu na upande ule. Alikuwa mkweli.

Jumamosi mtoto alibatizwa. Jumapili, saa nne asubuhi, tulikuwa uwanjani. Sijawahi kuona umati mkubwa hivyo ukisubiri ndege ya mabomu huku unakula viazi vya kukaanga.

Halafu nikaisikia. Sikio la Bukavu halingoji macho. Nilipopata akili nilikuwa kifudifudi kwenye majani, mikono kichwani, na kitenge cha ubatizo ndani ya matope. Kandokando yangu miguu yote ilikuwa imesimama.

"Yaya, simama," Deo aliniambia mimi dada yake kwa sauti ya chini. "Huku banaipigia makofi."

"Ngoja."

Nilikuwa nimegeuka chali, na ndege ikapita juu yangu, chini kabisa. Injini moja, mbili, tatu, nne. Na tumboni, likiwaka kwa jua, tufe la kioo. Nikahesabu tena injini, nne. Tufe, moja. Nikapiga makofi nikiwa vilevile nimelala.

Saa tisa ndege ilikuwa imetua, kamba imezungushwa, na watu wanarudishwa. "Imefungwa," Deo akasema.

"Imefungwa ni bei ya kwanza," nikamjibu.

Fundi wa ndege ile alikuwa Mzungu mzee mwenye mikono myeusi kwa mafuta, na alijua Kifaransa. Nikaomba kuruka nayo. Akakataa. Nikaomba kuiendesha pale chini. Akakataa, akicheka. Nilipoona amechoka kukataa, nikaomba nilichokijia: picha ya mtu ndani ya tufe, na sauti ya injini.

"Baba yako alifanya kazi gani kule?"

"Alizihesabu zikirudi."

Akavua kofia, akainua kamba. Alimwita mwenzake mwembamba kuliko wote, naye akajikunja ndani ya kioo, na Deo akapiga picha. Halafu wakawasha injini moja baada ya nyingine ili kuzijaribu, kisha wakazizima vivyo hivyo. Upepo ulichukua kilemba changu. Sikukifuata, nilikuwa nimeshika radio ikinasa sauti.

Kurudi, kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya nyumbani, mwanajeshi mmoja aliibonyeza radio. Ikanguruma. Akatazama juu mbinguni, kisha akanitazama mimi.

"Maman, hii ni nini?"

"Ndege za papa."

"Papa yako iko na ndege?"

"Alikuwaka nazo mingi."

Aliitaka radio na kaseti na picha. Tulibishana nusu saa, tukamalizia hapa: radio yake, kaseti na picha zangu. Alidhani amenishinda. Nikamwacha adhani.

Kwa hiyo nilifika Nguba bila radio, na uani kwetu mwenye radio kaseti alikuwa mmoja tu. Siku ya shirika nilimwambia Mwalimu Ciza nimeleta sauti kutoka Ulaya. Sikumwambia ya nini. Akaileta radio yake mwenyewe, akafungua sauti mpaka mwisho ili watu wote wasikie.

Walilala chini watu kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Mwalimu alikuwa chini ya meza, anatafuta rozari kwa mkono mmoja na miwani kwa mwingine. Muzee peke yake alibaki kwenye kiti, kichwa kimeinama upande, anainua kidole.

"Moja. Mbili. Tatu. Ine."

Injini zikanguruma pamoja, kisha zikaanza kuzimika. Akahesabu tena, polepole, moja mpaka nne. Kaseti ikaisha.

"Zote zimerudi," akasema.

Safari ile ilinifundisha kwamba kuna mahali watu husikia ndege wakatazama juu. Sisi hutazama chini. Baba yangu hakufanya hili wala lile, alikuwa kazini.

Mwalimu alikuwa bado amepiga magoti nilipompa picha. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Papa," akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko, "huyu mutu, anatokaka mule namna gani?"

"Kaa kwanza kwa kiti, Mwalimu," muzee akamjibu. "Iko na historia murefu."