Kichupa cha Kutafutia Njaa

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa za dokta nitajikuta nimelipita.

Mie nafanya usafi kwenye maabara moja ya utafiti upande wa Kinondoni. Nakaa Gongo la Mboto, na nyumbani nauza barafu za ubuyu. Nazitaja barafu kwa sababu kosa lilitokea huko. Miaka yote friza ndiyo imenilisha, na kichwani mwangu kitu kikizidi baridi ndiyo kimezidi kuhifadhika.

Dokta ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa tatu. Kila asubuhi ananipa shikamoo hata akiwa amebeba vitu mikono yote miwili. Kazi yake alinieleza siku nilipomlalamikia kwamba mama yangu, tangu augue, kila akitengewa chakula anasukuma sahani. Akaweka kalamu chini. Akasema mwilini kuna vipokezi, kama watu waliokaa mlangoni kungoja taarifa kwamba tumbo ni tupu au limeshiba, na yeye anataka kuona wamekaa wapi kwenye vipande vya tumbo la binadamu, vya wagonjwa waliopasuliwa wakakubali vitumike. Vipokezi vyenyewe ni vidogo mno, hata darubini haivioni hivihivi. Ndiyo maana aliagiza kingamwili kutoka nje. Hiyo inashika kipokezi cha aina moja tu, vingine vyote inavipita. Halafu akitia rangi, pale iliposhika panakuwa kahawia.

Ilikuja kwenye boksi la kutosha kuku wawili, barafu tele, na katikati kichupa kama kidole cha mtoto, ndani yake matone tu. Kaka mmoja pale, mtaalamu wa maabara, mtu wa maneno, akamwuliza, "Dokta, hii umetumiwa au umeonjeshwa?" Tukacheka. Dokta alikishika kama kifaranga. Alikuwa amekingoja miezi, na alituambia wazi kwamba kikiharibika, kingine hakitawahi kufika kabla muda wake wa utafiti haujaisha.

Kikawekwa kwenye friji. Mlangoni palibandikwa karatasi: kisigandishwe. Niliishia darasa la saba lakini kusoma nasoma, siwezi kujitetea hapo. Karatasi ile nilikuwa nimeshaizoea tu, kama kalenda ya mwaka jana.

Ijumaa moja mchana umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Wengine walikuwa msikitini, wengine wametoka kula. Nikaona friji linatoa jasho, nikajua kichupa cha binti yangu ndiyo kinakwenda hivyo. Kwenye chumba cha pili kuna friza la zamani lililojaa barafu ngumu. Nikakifunga kwenye mfuko, nikakisokomeza katikati, kama ninavyowahifadhi samaki wa mama. Umeme uliporudi nikakitoa. Kilikuwa kigumu. Nikakirudisha kwenye friji, kikayeyuka, nami nikaondoka nimeridhika. Lipo daftari la friji, kila anayehamisha kitu anaandika. Sikuandika. Nilidhani daftari ni la wataalamu, au niliuonea aibu mwandiko wangu. Mpaka leo sijui ni lipi.

Jumanne dokta akapaka vipande vyake vya kwanza. Vikatoka bluu tupu, rangi ya kuonyesha nyama yenyewe, kahawia hakuna. Akarudia Jumatano. Hakuna, hata kwenye kipande cha mfano, ambacho kinajulikana tangu zamani kwamba vipokezi vimo. Yule kaka akasema labda vipande havikuiva, maana huanza kwa kuchemshwa kwenye sufuria ya presha. Dokta akajilaumu mwenyewe. Nilimpelekea mihogo, akaisukuma pembeni, nikamkumbuka mama. Nikaisoma upya ile karatasi ya mlangoni, na siku nzima ile nikawa naomba kimoyomoyo iwe ni sufuria. Hilo najilaumu kuliko friza.

Alhamisi asubuhi, kabla hajavaa koti lake, nikamwambia.

"Dokta, kichupa nilikigandisha mie. Umeme ulipokatika. Nilijua nakiokoa."

Akaniuliza mara ngapi. Nikasema mara moja. Akauliza kiliganda kabisa, nikasema kabisa, kama barafu ya kuuza. Akavuta stuli akakaa.

"Mama, siku mbili nzima naigombeza sufuria."

"Basi iombe radhi," akasema yule kaka. Kisha akamwambia kwamba kingamwili ikiganda mara moja huenda imedhoofika tu, haijafa, wajaribu kuichanganya nzito zaidi. Wakaichanganya nzito, na vipande navyo wakavichemsha muda mrefu zaidi. Jioni dokta akaniita darubinini. Kwenye kipande cha mfano niliona vidoa vya kahawia, kama majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile.

Lakini kwa kuitumia nzito, ingetosha nusu tu ya vipande. Wagonjwa wa nusu nyingine watabaki kwenye boksi, na hao nawahesabu ni wangu. Yule kaka anasema huenda kosa lilikuwa la sufuria. Dokta anasema hajui, kwa sababu siku ile walibadilisha vyote viwili. Naandika hivyo hivyo, sijipunguzii.

Akalileta daftari la friji na kalamu. Nikamwomba aniandikie yeye.

"Andika wewe, mama. Wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikaandika chini ya tarehe ya Alhamisi hiyo, si ya Ijumaa, isije ikaonekana niliandika kwa wakati: "Ijumaa umeme ulikatika. Nilihamishia kichupa cha dokta kwenye friza. Kikaganda. Nilidhani ni vizuri." Akasoma pole pole, hakusahihisha kitu, akaweka sahihi yake pembeni ya yangu. Halafu akauliza kama ile mihogo bado ipo.

Ilikuwa ya jana. Nikashuka kumtafutia ya moto.