Gari la Mikate la Dada

Saa moja asubuhi, gereji bado haijachangamka. Fundi ameinamia injini ya gari dogo la mikate, spana mkononi, anaizungusha taratibu kwa mkono. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Anasikilizia kama kuna kinachogusa, kisha anashusha pumzi.

"Hii ndiyo kazi niliyoiruka siku ile," anasema bila kuinua kichwa. "Kazi yenyewe ndogo, hata chai haipoi."

Gari ni la dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alikuwa akioka mikate nyumbani na kuisambaza madukani. Gari likawa linaishiwa pumzi kwenye kilima, naye hakuomba makubwa: lipande tu na mzigo wake.

Fundi, ambaye vijana wa magari ya mashindano humwita Mkono wa Dhahabu, akataka makubwa. Akatoa kemshafti, chuma chenye nundu zinazofungua vali ili injini ivute hewa, akaweka ya mashindano, yenye nundu ndefu zaidi.

"Ujuaji uliniponza," anasema. "Ile inatoa mbio injini ikishazunguka kwa kasi sana. Ikizunguka polepole, kama kwenye kilima na mzigo, inanyang'anya nguvu. Nilitaka sifa tu."

Akafunga mkanda wa taimingi, unaozungusha kemshafti ili vali ziende sawa na pistoni, kwa kufuata alama za rangi alizozikuta bila kuzihakiki, ukakaa jino moja pembeni. Dada alikuwa amesimama pale, anamtania kuwa mikate itaota ndevu. Basi hakuizungusha kwa mkono, akawasha. Vali zikagonga pistoni. Mlio mmoja, kisha kimya.

"Kemshafti ya zamani ingenisamehe jino moja. Ile ya nundu ndefu haisamehe."

Tangu hapo wateja wamempa kisogo, naye amekonda mpaka ovaroli ndiyo inayomvaa. Kwa miezi ameiunga injini hii, vali baada ya vali, na kemshafti ya zamani ameirudisha.

Sasa anapanda, anawasha. Injini inaitika, inatulia. Hatabasamu. Anampigia dada na kuisogeza simu kwenye boneti.

"Unaisikia, dada?"

"Naisikia, mdogo wangu. Imepona. Lakini tanuri nilishaliuza. Sasa hivi nafua nguo za watu."

Fundi anazima injini. Anabaki nyuma ya usukani, analia waziwazi.

"Kesho nitampelekea gari lake hivyo hivyo," anasema baadaye. "Hata akilifanya banda la kuku, lifike kwake likitembea lenyewe."