Glopu za Dada Anaeli

Juzi mjukuu wangu alikaa kibarazani akipaka rangi ya kucha. Ile harufu kali iliponifikia nilishindwa kumaliza chai yangu.

"Babu, inakukera?"

Nikamjibu hapana, nikaingia ndani. Ninyi nitawaambia ukweli.

Wakati wa Mwingereza baba yangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja pale Arusha mjini. Sisi tulibaki juu Meru, kwenye migomba na kahawa. Krismasi moja alinichukua nikauone mti wa bwana wake, umejaa vitaa vyekundu, kijani na bluu. Nilirudi nyumbani sina habari nyingine. Aliyenisikiliza bila kuchoka alikuwa dada yangu Anaeli, aliyeumwa kifua na hakuweza tena hata kwenda mferejini. Alinirudisha nyuma kila mara: nyekundu ilikuwa juu ya kijani, au chini? Nikijichanganya alinicheka mpaka kikohozi kimkamate.

Mwaka uliofuata baba alipanda na furushi. Ndani mlikuwa na waya na glopu ndogo kama ndulele, zimepauka kama macho ya mbuzi mzee. Mke wa bwana wake alikuwa amezitupa, pamoja na vichupa vya rangi ya kucha iliyoanza kuganda. Kwa akili yangu ya kitoto, taa hizo zilikuwa zimezimika kwa sababu zimeishiwa rangi. Nikamwahidi Anaeli kwamba tukizipaka zitawaka.

Baba alinisikia. Hakunisahihisha. Alisema tu, "Lete unyoya wa kuku."

Tulipaka kwa unyoya: nyekundu ya vichupa, na kijani iliyobaki walipopaka madirisha ya kanisa. Kila glopu tuliichomeka kwenye kipande cha mgomba ili ikauke bila kuguswa. Anaeli alituamuru kutoka kitandani.

"Hiyo umeikandika kama ukuta!"

"Basi njoo upake wewe."

"Mimi leo memsabu. Memsabu hapaki."

Hata mama alicheka, na siku zile mama alikuwa hacheki.

Jioni ya kuamkia Krismasi baba alizitundika kwenye tawi la mwerezi karibu na kitanda. Giza likaingia. Ncha ya waya ilining'inia hadi sakafuni, haina pa kwenda. Nikangoja. Nikautikisa waya. Mama akageukia ukutani.

Ndipo Anaeli akasema kwa sauti ndogo, "Zimewaka. Tazama ile nyekundu uliyoikandika."

Nilitazama. Palikuwa na mwanga wa moto wa jikoni tu. Nikaona ananidhihaki, nami nilikuwa nimekwisha kuwatangazia watoto wote wa jirani. Nikapiga kelele, "Mwongo wewe! Baki na uongo wako!" Nikaenda kulala kwa bibi.

Asubuhi hasira ilikuwa imenitoka, imebaki aibu. Kwetu aliyekosa hukata jani la sale akampelekea aliyemkosea, na mwenye kupewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nikakata moja mpakani mwa shamba, nikachagua lisilo na doa. Niliporudi kengele ya kanisa ilikuwa ikilia, wanawake wa jirani wamesimama mlangoni petu, na mama amekaa chini kwenye udongo.

Miaka baadaye, shuleni, mwalimu alitueleza jinsi umeme unavyosafiri ndani ya waya. Wenzangu waliandika. Mimi niliinamisha kichwa juu ya dawati. Niliona kwamba baba alijua tangu mwanzo, na akapaka hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumfanyia mtoto wake. Anaeli naye aliona giza lile lile nililoliona mimi. Uongo ule ulikuwa zawadi yangu ya Krismasi.

Lile jani nililichomeka kaburini. Wengine husema sale huota popote. Lile lilikauka.