Mwaka Saumu Aliponiita Jirani

Harufu ya majani ya mkonge yaliyokamuliwa ni chachu na nzito, kama maziwa yaliyosahauliwa ndani ya kibuyu, na mtu aliyezaliwa karibu nayo haisikii. Kule Mwera tulikozaliwa sisi, ilitoka kwenye kiwanda cha kuchakata mkonge, ambacho watu wote walikiita korona, ikapita juu ya mapaa ya makuti, ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye wali. Baba alikuwa fundi wa mashine pale korona, na akirudi jioni harufu hiyo ilimtangulia mlangoni. Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi, tena kwa kuikosa. Niliamka asubuhi katika chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Usagara, mjini Tanga, nikavuta pumzi, nikaona hewa haina kitu. Pembeni yangu kwenye mkeka alikuwa amelala dada yangu Saumu. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kupanga foleni ya sabuni. Nililala pale nikiitazama dari ya watu wengine, nikajua tumehama kweli.

Tulihama kwa ajili ya Saumu. Alikuwa na miaka kumi na minne wakati ule. Alipokuwa mchanga alishikwa na degedege kali, akapona, lakini kila jambo kwake likawa linachelewa: alichelewa kutembea, alichelewa kusema, na maneno aliyokuja kuyasema yalikuwa machache, kila moja amelichagua. Pale Mwera hilo halikuwa habari. Kila mtu alimjua. Alishinda na kina mama waliokaa uani kusuka ukili wa mikeka, na vidole vyake, ambavyo havikuweza kushika kalamu, viliyapokezana majani ya mkindu haraka kuliko vya mama yetu. Alimwamkia kila aliyepita, naye aliyepita aliitikia. Shuleni walimweka darasa la kwanza miaka minne, si kwa kumfundisha, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aende nyumbani. Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, akasema msichana mkubwa vile hawezi kukaa dawati moja na watoto wa miaka saba. Saumu aliendelea kwenda. Alikaa nje chini ya dirisha la darasa, mgongo ukutani, mpaka kengele ilipolia.

Muuguzi mmoja wa Pangani ndiye aliyemwambia mama kwamba mjini Tanga kuna shule ya msingi yenye darasa la watoto kama Saumu, na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mama alilibeba neno hilo wiki nzima kabla ya kulitoa. Nakumbuka walivyozungumza baba na mama, baba akiwa anakula, mama hali.

"Hapa anajulikana," baba alisema. "Kule nani atamjua?"

"Anajulikana, ndiyo. Na mimi na wewe tukifa, atajulikana kwa kazi gani?"

Baba alinawa mikono. Mwisho alisema yeye hawezi kuiacha korona, maana huo ulikuwa wakati ambao mtu mwenye kazi hakuthubutu kuigeuzia mgongo. Ikaamuliwa mama atangulie na Saumu. Niliuliza kama mimi nitabaki na baba. Mama alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi. "Ukibaki, nani atampeleka dada yako shule?" Hakuna aliyeniuliza kama ninataka.

Safari yenyewe ilitaka kukwama palepale Bweni, kwenye kuvuka mto. Saumu alipoona pantoni inacheza juu ya maji, aliketi chini mchangani, akashika kamba ya mzigo wetu, akakataa kunyanyuka. Abiria walianza kunung'unika. Mama alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Mimi nikapanda peke yangu, nikaketi juu ya chuma nikiwa nimekunja miguu kama mtu aliyetembelewa na wageni, nikamwita. "Ni baraza tu, dada. Njoo ukae barazani." Alinitazama sana. Akaja, akaketi, akayafumba macho mpaka ng'ambo. Wakati ule alikuwa akiniamini kwa kila kitu.

Chumba tulikipata nyuma ya duka la Bi Khairun, mjane wa Kihindi aliyekuwa akiuza bizari, nyuzi na mafuta ya taa, siku za kuwapo mafuta ya taa. Rafu zake nyingi zilikuwa tupu, naye alizifuta vumbi kila asubuhi vilevile. Uani tuliishi na wapangaji wengine wawili waliotoka alfajiri na kurudi jioni, tukasalimiana nao mlangoni, basi. Sukari ilitolewa kwa balozi wa nyumba kumi, na sisi hatukuwa kwenye daftari lake. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Lakini hayo hata Mwera yalikuwapo. Jambo lililokuwa geni kwangu ni kupita katika mtaa mzima bila mtu kuniita jina. Saumu aliendelea na desturi yake ya kuamkia. "Shikamoo," alimwambia muuza maji. "Shikamoo," akamwambia mtoto wa miaka mitano, "shikamoo," akawaambia vijana waliokaa kwenye kona. Wale vijana wakaanza kumngoja kila siku ili waitikie "marahaba" kwa sauti za kizee, kisha waanguke kwa kicheko. Wiki ya tatu akaacha. Akawa anatembea akitazama vidole vya miguu yake, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Darasa lake lilikuwa mwisho kabisa wa jengo, katika chumba kilichowahi kuwa stoo. Mwalimu Hilda, mwanamke mrefu kutoka Lushoto mwenye sauti ya chini, aliwafundisha humo watoto kumi na mmoja wa kila umri. Mimi nilikuwa darasa la nne, upande wa pili wa uwanja. Nilipofungua mdomo kusoma siku ya kwanza, darasa lilicheka, kwa kuwa nilisema kama watu wa kwetu. Nikajifunza kusema kidogo. Wakati wa mapumziko nilisimama kando ya bomba la maji nikijifanya nina kiu. Nilikunywa maji mengi sana mwaka ule. Ilipita karibu miezi miwili kabla msichana mmoja, Tatu, hajanisogezea kamba na kusema, "Zungusha basi, nami nitakuzungushia." Naweza bado kuhisi ile kamba kiganjani, kamba ya katani, mbaya, inayochoma. Kwa siku tatu nilikuwa na rafiki.

Siku ya nne Saumu alikuja akivuka uwanja. Watoto wa darasa lao hawakuruhusiwa kutoka wakati wetu, kwa hiyo kila mtu alimwona. Alishika karatasi kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi. Alikuwa ameandika herufi zake za kwanza, S na A na U, U ikiwa imelala ubavu, na alikuwa akitabasamu mpaka mate yanamtoka. Tatu akaacha kuruka.

"Yule nani wako?"

Nikasema, "Si mtu wangu. Jirani yetu tu."

Sikunong'ona. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na Saumu alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Alisimama. Aliitazama ile karatasi, akaikunja mara mbili, akageuka akarudi alikotoka, taratibu, bila kulia. Tatu akasema, "Haya, zungusha," na nikazungusha.

Wakati wa kurudi nyumbani alitembea upande wa pili wa barabara. Nilipovuka kwenda kwake, alivuka kuja nilikotoka. Asubuhi yake nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu, akaniambia bila hasira yoyote, kama anayetaja jina langu halisi: "Twende, jirani." Na tangu siku hiyo likawa ndilo jina langu. Jirani, maji. Jirani, mama anaita. Mama alicheka, akidhani ni mchezo uliotoka shule, na mimi nikamwacha adhani hivyo. Tatu na kamba yake walidumu mpaka mwisho wa mwezi, kisha akapata wenzake wengine. Nikarudi kwenye bomba la maji. Baba alikuja siku moja tu kwa mwezi, akalala, akaondoka na basi la asubuhi. Katika mji mzima, ukimwondoa mama, mtu pekee aliyenijua tangu nizaliwe alikuwa msichana yule aliyelala mkeka mmoja nami, na kwake nilikuwa jirani.

Yaliyotokea baadaye yalitokea mchana mweupe. Nilitoka darasani nikaenda kumchukua, nikakuta chumba chao kitupu. Mwalimu Hilda alisema Saumu ametoka na wenzake, alidhani yuko nami. Nilikimbia mpaka nyumbani, hayupo. Nikarudi kwa njia nyingine, nikipita madukani nikichungulia, na kila nilipotaka kumuuliza mtu nilijikuta sina namna ya kumweleza isipokuwa kwa matusi ambayo watu huwaita watoto kama yeye. Nilimpata stendi ya mabasi. Alikuwa ameketi kwenye gunia kando ya mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, mkononi kashika ile ile karatasi iliyokunjwa, anakula kipande cha muhogo. Alikuwa akimuuliza kila kondakta neno moja: "Mwera? Mwera?"

Nilimshika mkono. Yule mama akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Wewe ni nani wake?"

"Dada yangu huyu. Twende, Saumu."

Yule mama akamgeukia. "Unamjua huyu, binti?"

Saumu akatafuna, akameza. "Jirani," alisema.

"Ni dada yangu!" Nilianza kulia. "Wallahi ni dada yangu, mama mmoja baba mmoja!"

"Basi kamwite huyo mama," yule mama alisema, wala hakusema kwa ukali. "Mtoto wa watu simtoi kwa jirani. Nitakaa naye hapa hapa."

Nilirudi Usagara nikikimbia, na njia nzima nilikuwa nikitunga la kumwambia mama. Nilipomfikia nikasahau yote niliyotunga, nikasema ukweli. Tulikuwa tunatembea kwa haraka, yeye mbele akijifunga khanga, mimi nyuma nikieleza habari za kamba, za Tatu, za neno lile. Nilingoja kofi. Mama alipunguza mwendo mpaka tukawa sambamba. "Na mimi nilisema," aliniambia, bila kunitazama. "Nilipoomba chumba. Bi Khairun aliniuliza huyu mkubwa ni wako, nikamwambia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Niliogopa atatunyima." Tulifika stendi, akapiga magoti mbele ya Saumu katikati ya maganda ya mihogo, akamwambia, "Mwanangu, nimekuja," na Saumu akamkabidhi nusu ya muhogo uliobaki.

Kesho yake asubuhi mama aliingia dukani kwa mlango wa mbele, kama mteja, akamshika Saumu mkono, mimi nikiwafuata. Alimwambia Bi Khairun ukweli na kumwomba radhi. Bi Khairun aliendelea kufuta rafu yake tupu. "Nilijua siku ya kwanza tu," alisema. "Mpo na pua moja nyote watatu." Akamuuliza Saumu kama anaweza kuchagua mchele, siku mchele utakapokuja.

Mimi Saumu hakunisamehe siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilimwomba, akanisikiliza, akaniitikia, "Sawa, jirani." Ilikuja kuwa miezi baadaye, nilipolala na homa ya malaria, ndipo alipokuja na kikombe cha uji, akauinua mgongo wangu kwa mkono mmoja, akasema, "Mwanaisha, kunywa." Sijui kama alikuwa amesamehe au alikuwa amechoka na jina lile. Sikumuuliza. Nilikunywa.

Tulikaa Tanga miaka mitatu. Zikaingia zile siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara, sabuni zikajaa mpaka zikapangwa nje ya maduka, mitumba ikauzwa barabarani bila mtu kujificha, na rafu za Bi Khairun zikapata kazi. Shule nayo ikaanza kudai michango. Mwalimu Hilda alihamishwa, hakuletwa mwingine, na lile darasa likarudi kuwa stoo. Saumu aliondoka akijua kusoma maneno mafupi na kuhesabu mpaka hamsini. Alirejea Mwera na mama, mimi nikabaki mjini kwa masomo, na hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa Tanga.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu. Shule ninayofundisha ina kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, kina walimu wawili, kina madirisha makubwa, na wazazi huleta watoto wao wakiwa wadogo, wengine wakiwashika mkono bila kuinamisha uso. Hatukuwa na hayo. Hatukuwa hata na hilo jina, mahitaji maalumu. Tulikuwa na matusi, au tulikuwa na "Saumu" tu, kama Mwera walivyomwita. Nikiyapima mambo, hushindwa kusema ni wapi alikuwa na heri zaidi. Mwaka jana, wakati wa likizo, nilikwenda kumwona. Ana nywele nyeupe sasa. Tulikuwa tunamenya viazi, nikamwambia jambo nililolibeba miaka yote, kwamba ninasikitika kwa kumpeleka kwenye upweke wa Tanga. Aliniangalia kana kwamba sikuelewa somo. Akaweka kisu chini, akaanza kutaja kwa vidole: Juma, Mwanahamisi, Petro, Zuhura, Amina mkubwa, Amina mdogo, Hemedi, Stella, Ramadhani, Bakari. Kumi wote, wenzake wa kile chumba cha stoo, na kila jina alilitaja akitabasamu. Katika darasa langu tulikuwa zaidi ya arobaini. Mimi ninamkumbuka Tatu peke yake.