Kichwa cha Roboti ya Mwape

Watu husimama mbele ya meza yangu sokoni, huigeuzageuza ile roboti ya vipande vitano, kisha huniuliza kama ni nzuri. Wananiuliza mimi Nasoro, ninayeiuza! Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mfanyabiashara akisifu mali yake, usimsikilize. Basi mimi huwaambia aliyoyasema Mwape. Na kila nikimtaja Mwape, hasira hunipanda upya.

Mwape alikuwa mchomeleaji wa vyuma katika karakana moja karibu na reli. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yangu, huku mtaa wa Bel-Air, yeye na mkewe Constance na binti yao Bijou. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya kizungu, na katika karatasi zake jina la Constance lilikuwa limefutwa, lakini sisi majirani hatukuwahi kumwita vingine. Mwape alikuwa mtu mzima, mikono imejaa makovu ya cheche, na alipenda vitu vya watoto bila haya. Watu walimcheka.

"Baba Bijou, hii iko ya batoto!"

"Na miye nilikuwaka mutoto," alijibu. "Mais hakuna muntu aliniletea."

Roboti zile nilizitoa Ndola, nikazipitisha mpaka wa Sakania moja moja, nimezificha ndani ya vitenge, maana mpakani kila askari wa forodha ana mtoto nyumbani wa kumpelekea kitu. Kila kipande ni mashine ya mgodini: lori, kijiko cha kuchimbia, kreni, tingatinga, na mashine ya kutoboa mwamba. Ukikunja hapa na kuvuta pale, mashine inakuwa mtu. Ukiunganisha watu wote watano, unapata jitu moja refu kama mwiko wa kusongea bukari, yaani ugali.

Mwape hakununua kitu kwa macho. Aliketi kwenye benchi langu, Bijou pembeni yake, akakunja na kukunjua mpaka wateja wengine wakanuna. Kisha akatoa hukumu. Lori alilisifu: magurudumu ya mpira wa kweli, yanazunguka. Tingatinga, sawa. Kijiko, mkono wake unalegea ukiuchezea sana. Mashine ya kutoboa ni nzuri kwa macho, lakini ikigeuzwa kuwa mtu haiwezi kusimama, inaanguka kifudifudi. Kreni ilimtia hasira kabisa.

"Kamba ya kushonea nguo! Papa Nasoro, bantu benye balitengeneza hii habayaonaka kreni!"

Akaichukua hivyo hivyo, akaing'oa ile kamba, akaweka waya mwembamba wa shaba. Alivinunua kimoja kimoja, na siku alipopata kipande cha mwisho alinipa hukumu kubwa, na mpaka leo ndiyo ninayowapa wateja: "Kila moya peke yake, haina maana. Yote pamoja, njo inakuwa kintu."

Ili jitu lisimame kulikuwa na vipande vidogo vya ziada: ngumi mbili, bamba la kifua, na kichwa. Hivyo alivitunza Bijou, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nyumbani kwao kulikuwa na sheria: mashine ni za baba, kichwa ni cha binti. Jumapili baada ya misa Bijou alileta kopo lake, na bila yeye jitu halikusimama. Mwape angeweza kulifungua kopo mwenyewe wakati wowote. Hakulifungua hata mara moja.

Mwanzo wa mvua homa ilimchukua Mwape. Tukamzika, na kabla udongo haujakauka, ndugu zake wakaja kugawana.

Najua kwamba kwa watu wa kwao mali ya marehemu hurudi kwa ukoo wake, kwa ndugu wa tumbo moja na watoto wa dada zake. Kila watu na desturi zao, na dini yangu pia ina hesabu zake za urithi. Lakini hakuna desturi iliyowaambia wachukue sufuria yenye bukari ndani! Walibeba kitanda, redio, cherehani na viti vyote sita. Constance alikaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani. Kaka mkubwa wa marehemu, Mulenga, alisimama mlangoni ndani ya abakosi yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi, akionyesha kwa kidole kitu gani kiende kwa nani.

Kidole kikafika kwenye jitu, lililokuwa limelazwa juu ya kabati, bila kichwa.

"Hizi ziko tano. Batoto ya badada bako batano. Kila mutoto moya."

Hapo nilishindwa kuvumilia. "Papa Mulenga, hii haiko bintu tano! Iko kintu moya, na iko ya mutoto ya marehemu!"

"Weye mungwana," alinijibu kwa jina wanalotuitia sisi Waislamu, "hii kilio haiko ya kwenu. Kunywa chayi yako."

Wakalikongoa mbele ya macho ya Bijou. Yeye alikuwa amekaa pembeni juu ya kopo lake, na hakuna aliyemwambia ainuke. Nani atagombania kopo la maziwa? Nilirudi nyumbani, na chai ile sikuinywa.

Constance hakutaka huruma ya mtu. Nilimpa pembe ya meza yangu, akaanza kuuza chumvi na samaki wakavu, na Bijou akitoka shule alikuja kumsaidia, kopo lake mkononi. Siku moja akatokea Mulenga, mfuko wa mashine zile mkononi, uso umevimba.

"Nasoro! Uliuzia ndugu yangu kintu ya bubovu! Batoto banapigana kila siku. Ile moya inaanguka, ingine mukono inalegea, na tukiunganisha, haina kichwa!"

"Kweli kabisa," nikamwambia, na Mungu anisamehe, nilifurahi. "Haina kichwa."

Alifuata macho yangu mpaka kwenye kopo, lililokuwa kati ya samaki na chumvi. Akaelewa. Sauti yake ikawa laini ghafla. Akachutama, akatoa noti, akamwita Bijou mwanangu.

Constance akaweka mkono juu ya kopo. "Mulikamata kitanda, nikanyamaza. Mulikamata cherehani yenye ilikuwa inatulisha, nikanyamaza. Hii, hapana."

Mulenga alitazama huku na huku, akitafuta mtu wa kumuunga mkono, na hakumpata. Bijou ndiye aliyemjibu, kwa adabu, macho chini kama alivyofundishwa.

"Tonton, bakuye nazo siku ya yenga, kisha misa. Nitaleta kichwa, tutaunganisha ku nyumba kwetu. Mais balete na biti, ju shiye hatuna tena pa kubakalisha."

Mtoto alikuwa anawakaribisha wageni tu, waje Jumapili baada ya misa, na waje na viti vya kukalia. Hakukuwa na kejeli ndani ya sauti yake. Mulenga alichukua mfuko wake akaondoka, na noti yake ikabaki juu ya samaki mpaka Constance alipomtuma mtoto wa jirani amrudishie.

Jumapili walikuja. Watoto watano, kila mmoja na mashine yake kifuani, na nyuma yao Mulenga, bila abakosi, amebeba kiti begani. Bijou alikipokea, akakifuta vumbi, akamketisha mama yake. Mulenga alikaa chini kwenye saruji pamoja na watoto. Bijou akafungua kopo, akaweka ngumi, kifua, na mwisho kichwa, na jitu likasimama, limeegemea kidogo upande wa kreni kama lilivyokuwa siku zote. Constance akafunika uso kwa kitenge akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya mazishi.

Majirani wanasema Mulenga ametubu, nimsamehe. Mimi nilihesabu viti vile vikitoka mlangoni. Vilikuwa sita, na kimerudi kimoja.